Maji ya Kuoshea Vyombo

Mwanangu alipomaliza kufunga kamba kuzunguka kile kipande cha shamba letu, alituambia mimi na mama yake maneno yasiyohitaji mkalimani.

"Kunde hizi hazimwagiliwi. Mvua ikinyesha, zinywe. Isiponyesha, zivumilie. Nataka kujua zitavumilia mpaka wapi."

"Na zikifa?" mama yake akauliza.

"Zikifa, mama, nitajua zimekufa."

Mke wangu akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka mzaha wa mgeni asiouelewa. Alikuwa amelea watoto watano na kuzika wawili. Hakuwahi kukiacha kiumbe na kiu ili aone kitatokea nini.

Mwanangu alikuwa mtafiti wa mazao katika kituo cha serikali. Nalisema hilo kwa majivuno na siombi radhi. Mimi nilijua kusoma nikiwa tayari na ndevu, katika madarasa ya jioni, mabega yakiniuma kwa magunia niliyobeba kutwa. Yeye alisoma mpaka vitabu vikamwogopa. Kwa miaka mingi alikuwa akichanganya kunde na kunde, akitafuta aina itakayozaa hata mwaka wa ukame. Jirani yetu, fundi baiskeli, alimwita Daktari wa Kunde.

"Daktari," alikuwa akimwita kutoka ng'ambo ya ua, "kunde zangu zinakohoa. Huna sindano?"

"Ninayo, lakini ni ya mwenye shamba," mwanangu alikuwa akimjibu, na wote wawili wakicheka.

Kisha kicheko kikapungua. Mvua zilikosa msimu mmoja, zikakosa wa pili. Mbuzi wa kuringia sasa alibadilishwa kwa debe la unga, na mwenye debe ndiye aliyeringa. Kituo nacho kilikauka. Magari yalikaa bila mafuta, walinzi wakaachishwa, na mashamba ya majaribio yakaisha moja moja. La mwisho waliliingia ng'ombe wenye njaa wakalimaliza kwa asubuhi moja. Mkuu wa kituo, mama mmoja mpole mwenye sauti ya uchovu, akamwambia mwanangu kwamba utafiti usioonyesha matokeo msimu ule ungefutwa, pamoja na mtafiti wake. Ndipo alipozileta kwetu mbegu zote zilizobaki, kwa kuwa kwetu kulikuwa na macho ya kuzilinda. Akapanda mistari ya kunde zake, na ubavuni mwake mistari ya kunde zetu za siku zote, ili zilinganishwe.

Alikuja kila Jumamosi kwa baiskeli. Kabla ya salamu alikwenda kuchuchumaa kwenye kamba. Wiki za mwanzo zilimkunja uso, maana zote zilinyauka kwa pamoja. Halafu kunde zetu zikageuka rangi ya karatasi kuukuu, na zake zikainua shingo. Jumamosi moja aliingia ndani akiwa na jani mkononi, akaliweka mezani mbele ya mama yake kama mtoto aletaye cheti cha shule.

"Mama, ona."

"Naona, baba," alisema mke wangu, akageukia jikoni.

Nilidhani ni haya ya mama anayeogopa kumsifu mwanawe akapatwa na kijicho. Niliona pia kwamba maboga ya nyuma ya jiko, ambayo miaka yote yalikunywa maji yake ya kuoshea vyombo, yalikuwa yamekufa. Nikalilaumu jua.

Mkuu wa kituo alikuja kukagua kwa gari, la kwanza kuonekana njia ile kwa muda mrefu. Majirani wakajaa uani. Alitembea kati ya mistari, akashika maganda yaliyojaa, akavunja kwa vidole mabua makavu ya kunde zetu. Alimpa mwanangu mkono, akaushikilia.

"Umetuokoa," akamwambia. Kisha akawageukia watu. "Zikivunwa, mtaanza kupewa ninyi. Kila nyumba mbegu zake."

Fundi baiskeli akavua kofia. "Daktari, nisamehe. Nimekutania mpaka mdomo umechoka."

"Sindano bado ninayo," mwanangu akasema, na watu wakacheka. Sijamwona tena na uso ule.

"Mimi siongei kwa mdomo tu," fundi akaendelea. "Kesho nampeleka mnadani yule mbuzi wangu wa mwisho. Nikodi plau, shamba lote niweke hizi. Kama zinasimama hivi bila tone, wanangu watakula."

Mke wangu alikuwa akipitisha maji ya kunywa kwa wageni. Akasimama mbele ya fundi, sinia mikononi.

"Shemeji, usimuuze mbuzi."

"Ah, shemeji! Huna imani na mwanao wa kumzaa?"

"Usimuuze, nimekwambia." Akamtazama mwanawe. "Nilizipa maji."

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mmoja.

"Maji gani, mama?"

"Ya kuoshea vyombo. Alfajiri, mkiwa mmelala. Sikuzipa maji safi, mwanangu. Yalikuwa machafu." Aliyasema hayo kama utetezi, kana kwamba uchafu ungepunguza kosa. "Nilisikia watakufukuza. Nikaziona zimeinamisha vichwa."

Mwanangu akaonyesha mabua makavu. "Na hizi?"

"Hizo si zako."

Mkuu wa kituo akajipangusa udongo mikononi. "Mama, laiti ungetuambia mapema," akasema, bila ukali, na ukali ungetusaidia. Akapanda gari. Majirani wakaondoka wawili wawili, wakipunguza sauti kama watu watokao msibani. Fundi baiskeli alibaki nyuma. Alimpokea mke wangu sinia, akaiingiza ndani mwenyewe.

Mwanangu alipiga magoti, akachimba kwa kidole kwenye shina moja. Chini udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu. Nilimngoja apige kelele. Ningeishukuru kelele.

"Huenda zingesimama zenyewe, baba," akasema. "Nazijua. Huenda zingesimama kabisa. Sasa hakuna atakayejua."

"Tutapanda tena. Mbegu zipo."

"Zipo, baba."

Kituo kilimwachisha mwisho wa mwezi. Alirudi nyumbani na vitabu vyake vimefungwa nyuma ya baiskeli. Alizivuna zile kunde, akazichanganya na majivu zisibunguliwe, akazifunga katika kopo la bati na kuliweka juu ya kabati kungoja mvua. Kwa mama yake hakubadilika hata kidogo. Alimwamkia, alimchotea maji, alimuuliza habari za mgongo wake. Ningependa kusema hilo lilimponya. Mke wangu aliacha kuimba jikoni, na kila mbuzi wa fundi alipolia ng'ambo ya ua, alishtuka.

Mvua haikuja. Unga ukaisha kwetu, ukaisha na kwa wale tuliokuwa tukiwakopa. Mchana mmoja mwanangu akapanda kiti, akalishusha kopo. Aliziosha kunde taratibu, maji matatu, mpaka majivu yakatoka yote, akampelekea mama yake.

"Pika, mama."

"Siwezi."

"Ni chakula, mama. Pika tule."

Akapika, kwa chumvi tu. Tulikula sote watatu kutoka sahani moja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Miaka yake yote ya kazi haikujaza sahani ile.

"Tamu," mwanangu akasema. "Sikuwahi kuzionja."

Mke wangu aliinuka, akaosha sahani na sufuria. Kisha akasimama mlangoni, beseni la maji machafu mikononi, akilitazama shamba, akitazama nyuma ya jiko. Akabaki amesimama hivyo, hajui ayamwage wapi.