Injini Iliyochoka Mchana

Watu wa Madogo wananijua kwa mdomo. Nauza maziwa ya ngamia, na muuza maziwa mpole hurudi nyumbani na vyombo vimejaa. Kwa hiyo nikikuambia kwamba siku ile mdomo wangu ulifungwa, ujue lilikuwa jambo kubwa.

Mafuriko yalikuwa yamemeza barabara ya kutoka kwetu Madogo kwenda Garissa. Mji unauona pale, minara ya misikiti unaitambua mmoja mmoja, lakini kati yako na mji ni maji ya Tana, mekundu, yamelala juu ya lami kama yaliyopewa hati ya shamba. Kuvuka ni kwa mashua tu. Na mimi sikuwa peke yangu, nilikuwa na Hooyo, mama yangu Arbia. Figo zake zilikataa kazi zamani, na kila wiki lazima damu yake isafishwe kwa mashine hospitalini Garissa. Zamu iliyotangulia maji yalituzuia, akaikosa. Miguu ikamvimba hata ndara zikamkataa, na akilala chali pumzi inamkatikia. Asubuhi muuguzi alinipigia simu, akaniambia nafasi ya Hooyo ni baada ya adhuhuri, na tukichelewa atawekwa mwingine maana wanaongoja ni wengi. Hakunitisha. Alisema tu, "Filsan, safari hii asikose."

Mashua tuliyoipata ilikuwa ya Dekow. Namwita adeer, yaani ami, kwa sababu alichunga pamoja na marehemu baba. Alikuwa mtu wa ngamia mpaka ukame ukawamaliza wote, ndipo shemeji yake akamwachia mashua na injini kuukuu iliyotoka Lamu ikiwa imeshastaafu. Basi Dekow akaichunga ile injini vilevile alivyochunga ngamia. Akiiwasha anaisemesha. Akishuka anaipapasa shingo. Na kila jua likiwa kali, ikazima, yeye husema imechoka. Huifunika kwa gunia, huimwagia maji ya mto, huiacha ipumzike, na wallahi, ikishapumzika inawaka. Watu wa kivukoni wakazoea. Walisema injini ya Dekow hufanya kazi asubuhi na jioni, mchana inacheua.

Nilijua hayo yote, lakini mashua nyingine zilikuwa ng'ambo, na anayezama hachagui kamba. Nikamkalisha Hooyo juu ya mto wa kulalia, tukaondoka. Abiria mwingine alikuwa mmoja tu, Mmeru aitwaye Kinoti, fundi wa waya za magari pale Garissa, aliyekuwa amekuja upande wetu kutengeneza lori. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake wa vifaa na macho ameyafumba. Aliogopa maji, maskini. Nikamwambia kama anaogopa maji angelala kwenye lori lake.

Katikati ya maji injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Mkondo ukatusukuma pembeni hadi tukakwama kwenye vichwa vya miti ya mathenge vilivyozama, miba ikitukwaruza. Dekow akafunga kamba kwenye tawi, akavuta uzi wa kuwashia, akavuta tena. Kimya. Kisha, bila haraka yoyote, akachukua gunia lake, akalichovya majini.

Hapo nikafoka. Nikamwambia hiki ni chuma, si ngamia, na chuma hakichoki. Nikamwambia mama yangu hana muda wa kungoja injini icheue. Nikamwambia na mengine ambayo sitayarudia. Dekow aliinamisha kichwa, akasema taratibu kwamba ikipumzika hadi alasiri itaamka. Alasiri! Hooyo alikuwa akivuta tasbihi, midomo imemgeuka rangi ya majivu, na nilisikia kila pumzi yake ikipanda kama mtu anayebeba mtungi kilimani. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kumzika mama yangu huku nauona mji.

Kinoti akafumbua macho. Hakumtazama mwingine yeyote, alimtazama Hooyo. Akauliza kama anaweza kuangalia ile injini, akasema mapema kwamba injini ya mashua hajawahi kuigusa maishani mwake. Nikamwambia aguse, hata akiivunja haitakuwa imekufa zaidi.

Akatambaa hadi nyuma huku ameng'ang'ania ukingo wa mashua, akafungua kifuniko. Akatoa plagi, akaiegemeza kwenye chuma, akamwambia Dekow avute uzi. Hakuna cheche. Akaisugua, akajaribu tena. Hakuna. Alikuwa na plagi ya pikipiki mkobani, akaijaribu nayo pia, wapi. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba injini inayozima kwa joto na kuwaka ikipoa mara nyingi huwa na koili inayokufa, yaani kile kinachoipa plagi umeme, na koili haipatikani juu ya mathenge. Alipofika hapo akakaa kitako, mikono juu ya magoti. Mimi nikageuza uso nisimwone Hooyo.

Ndipo Dekow akaingilia. Alisema ikifunikwa kivulini bila maji haiamki, hata ikae vipi. Lazima inywe. Mimi nikasonya. Lakini Kinoti aliinua kichwa, akamuuliza, inywee wapi?

Dekow akaonyesha. Alikuwa akimwaga maji mbele ya injini, mahali palipo na kitufe chekundu cha kuzimia. Chini ya kitufe kile hutakiwa kuwe na kipande cha plastiki chenye kamba ambayo nahodha hujifunga mkononi, akianguka majini kipande kinachomoka na injini inazima yenyewe. Cha Dekow kilipotea zamani. Pale alikuwa amechomeka kijiti alichokichonga mwenyewe, kimelainishwa vizuri, cheusi kwa uzee.

Kinoti akakigusa kwa kidole, kikacheza. Akauliza ni mti gani. Dekow akasema ni kengele ya mti aliyokuwa akiivaa ngamia wake jike, yule aliyeongoza kundi, wa mwisho kufa. Kengele ilipasuka, akachonga kipande akakiweka pale, ili na mashua iwe na wa kuiongoza.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Kinoti alieleza akituelekea sote, na safari hii si kwa sauti ya chini. Mti ukilowa unavimba, unakishika kitufe. Jua likiukausha unasinyaa, kitufe kinajibonyeza chenyewe, na umeme wote wa plagi unaishia kwenye mwili wa injini. Injini haikuwa imechoka. Ilikuwa inaamriwa izime, kila mchana, siku zote. Akamwambia Dekow, "Mzee, hukuwa unaipumzisha. Ulikuwa unakivimbisha kijiti hiki. Na usingeniambia habari ya maji, mimi ningetupa koili isiyo na ubovu."

Akauchomoa waya wa kile kitufe kwenye kiungo chake, akaufunga utepe mweusi usiguse chuma. Plagi juu ya chuma, uzi ukavutwa, na pale kwenye ncha ikaruka cheche ya buluu. Mimi nilipiga kelele kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Akairudisha plagi, Dekow akavuta, injini ikanguruma miba ikatetemeka.

Kinoti akatuonya kwamba sasa haina kitufe cha kuizima, lazima mtu afinye mpira unaopitisha mafuta. Dekow akasema na isizimwe kamwe, wallahi, hata ifike Dadaab.

Njia nzima Hooyo alimwombea dua yule mtu, kwa Kisomali, pumzi kidogo dua kidogo. Kinoti Mkristo wa watu hakuelewa neno, lakini kila Hooyo aliponyamaza kuvuta hewa yeye aliitikia amina, mara nyingine katikati ya sentensi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilisikia msemo huo tangu shuleni, na siku ile niliuona umekaa mbele yangu umelowa suruali.

Tulipofika nchi kavu alimbeba Hooyo mgongoni hadi kwenye tuktuk, mimi nikabeba mkoba wake wa vifaa. Hospitalini muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na mgonjwa mwingine ameshaitwa. Alipomwona Hooyo alishusha pumzi, akamwomba yule mgonjwa radhi. Akaunganishwa na mashine. Nikakaa kando ya kitanda nikitazama damu ya mama yangu ikitoka chafu na kurudi kwake safi, na nililia hadi shela ikaloa. Alhamdulillah. Sina neno lingine, na sijalitafuta.

Rangi ilipomrudia, Hooyo aliniomba simu. Akampigia ndugu yangu Jelle, anayechunga mbuzi wetu upande wa Modogashe, akaniambia niweke sauti kubwa.

"Jelle," akasema, "nimejifungua. Mtoto wa kiume."

Jelle akaniuliza mimi kama homa imempanda Hooyo kichwani.

"Sina homa. Mtenge mbuzi jike, mzuri, umkate masikio kwa alama yetu. Mtoto anaitwa Kinoti."

Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hutengewa mnyama jike siku ileile, mwenye ngamia hutoa ngamia, mwenye mbuzi hutoa mbuzi, na kila kitakachozaliwa na mnyama yule ni mali ya mtoto. Hapewi mgeni. Hapewi fundi. Hupewa uliyemzaa.

Nikatoka nje. Kinoti alikuwa bado kwenye benchi, viatu vimelowa, hakuwa ameenda popote. Alitaka tu kujua kama mama amepata mashine. Nikamweleza habari ya mbuzi na maana yake. Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia, akajifuta uso kwa mkono uliojaa grisi akabaki na mistari myeusi shavuni. Akasema alimzika mama yake akiwa darasa la nne, na hakudhani mtu huzaliwa tena. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofungwa. Nilikaa kando yake tu, kimya, mpaka Hooyo akatuita.

Dekow sasa ana kipande cha plastiki kwenye kitufe, Kinoti alimtafutia. Kile kijiti cha kengele kimetobolewa, kimefungwa kamba, kinaning'inia mbele ya mashua, na injini haijapumzika mchana hata mara moja. Mbuzi kule Modogashe amezaa mapacha. Jelle humtumia Kinoti picha akimwambia aje awaone wanawe wasije wakamsahau.

Hooyo anaendelea na mashine yake. Sisi aliotuzaa tuko watano. Ukimuuliza ana watoto wangapi atakuambia sita, na kitindamimba wake ana ndevu.