Waliobanwa kwa Pini

Haya nimeyapata kwa mdogo wangu wa kike, Jumapili iliyopita, alipokuja kunisalimia akakaa mpaka chai ikapoa. Mume wake, shemeji yangu, ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi kazi yake ya pili imekuwa kuulizia ukoo. Akikupima kiuno anakuuliza bibi yako alizaliwa wapi. Msibani watu wakimwona wananong'onezana, "Karani wa Marehemu kafika." Yeye wala hajali.

Anaandika kwenye karatasi za kaki, zile za kukatia vipimo vya nguo, kila jina na kipande chake. Jina alilolisikia kwa mtu mmoja analibana kwa pini kwenye kipande cha mzazi wake. Akimpata mtu wa pili wa kuthibitisha, anatoa pini, anashona kwa uzi. Ukuta mzima wa chumba chake cha kushonea unaning'inia watu.

Basi moyo ukamsumbua, akalazwa. Siku ya kuruhusiwa, binti yao, ambaye ni muuguzi, akatangulia nyumbani kumwandalia chumba. Akaziona pini zimeshika kutu, na mtoto wake ndiyo kwanza anatambaa. Akili ikamwenda kwenye pepopunda. Akazichomoa zote, akazitupa chooni. Vipande vilivyoanguka akavipanga vizuri kwenye boksi la viatu, akapiga deki. Mama yake alipofika akakuta chumba kinang'aa. Akakaa chini.

"Mama, vipi?"

"Umewatoa watu kwao, mwanangu."

Shemeji akaingia taratibu. Akatazama ukuta, akatazama boksi. Mdogo wangu anasema alitamani mumewe agombe, maana kugomba kwake kashakuzoea. Hakugomba. Akauliza tu, "Pini ziko wapi?"

"Baba, niliogopa kutu."

"Umefanya kiuuguzi, sikulaumu. Lakini nani kati yenu anajua kwa nini wengine wana pini na wengine wana uzi?"

Binti akamgeukia mama yake.

"Mimi nilidhani uzi ulikuwa unakuishia," mdogo wangu akasema.

Mzee akacheka mkono uko kifuani. Kisha cheko likakatika. "Kumbe ningekufa juzi, mngenizika na ukoo wote."

"Tungekufukua tukuulize," mkewe akamjibu.

Kesho yake, baada ya uji, kazi ikaanza. Shemeji amejilaza kwenye kochi, anapewa kipande, anataja: huyu mtoto wa fulani, kaniambia fulani, wa pili bado. Binti anaandika nyuma ya kipande kwa maneno kamili, kisha anapiga picha kwa simu na kuwatumia kaka zake, ili nyumba moja ikiungua nyingine ibaki nayo. Boksi lenyewe atalitunza yeye.

"Nikiondoka," shemeji akamwambia, "usimshone mtu kwa neno la mmoja. Na usimtoe mtu kwa sababu humpendi. Hata yule shangazi yako."

"Hata yule?"

"Hasa yule."

Wakaenda hivyo mpaka jua likapita utosini, kikabaki kipande kimoja. Jina la mwanamke, basi. Shemeji akakigeuza, akakisogeza dirishani. Aliyemwambia habari zake alikwishafariki, na yeye hakumbuki tena alimbana kwa nani. Binti akaanza kulia.

"Mwandikeni kwangu," mdogo wangu akasema.

"Utaharibu kazi. Hukumzaa."

"Na wale wa kaka yako niliowalea, niliwazaa? Huyu naye akae, mpaka wenyewe wapatikane."

Shemeji akampa binti kile kipande. "Haya. Andika: wazazi hawajulikani, waulizwe. Kwa sasa yuko kwa mke wa fundi. Na uandike kwamba mimi nimesahau, wasije wakadhani hakuwa na watu."

Binti akaandika vyote, hata kule kusahau kwa baba yake. Shemeji akasoma mara mbili, akaridhika, usingizi ukamchukua palepale kwenye kochi. Binti naye, mwenye zamu ya jioni, akajinyoosha mkekani pembeni ya mtoto, akasinzia. Mdogo wangu akabaki na kile kipande mapajani, akiwapitia kichwani wazee waliobaki: nani amwulize kwanza, nani masikio bado yanasikia. Alipofika kwa wifi yake mkubwa, naye akalala.