Mwanamke wa Sekunde ya Arobaini

Saa nne asubuhi mchoraji alifunga simu kwenye stendi juu ya ubao mweupe uliolazwa mezani, akajaribu kalamu tatu za wino mweusi, akatupa moja iliyokauka. Idara ya maji, iliyompa chumba katika ofisi zake, ilitaka video ya dakika moja: mkono unachora, sauti inaeleza kisayansi jinsi maji machafu ya mto yanavyogeuka kuwa ya kunywa. Katika kazi hii sauti hurekodiwa kwanza, kisha mchoro huifuata sekunde kwa sekunde. Sauti ilikuwa ya mkuu wa mawasiliano, bwana aliyeiacha sayansi kidato cha pili na hakurudi kuichukua. Sekunde ya arobaini alisema kwa madaha, "safi na salama," na hapo mwanamke wa kwenye mchoro alitakiwa awe anakunywa.

Mchoraji alikuwa na lake moyoni. Mama yake alikuwa anaharisha wiki ya tatu sasa, na bomba lake lilikuwa la idara hiyo hiyo. Tangu augue, mama alikuwa akichemsha maji, lakini alishasema wazi kwamba siku binti yake akichora kuwa ni salama, ataachana na usumbufu wa sufuria.

Sekunde ya kumi na nane ilikuwa ya tangi la pili, lenye mchanga wa kuchujia. Mchoraji akaudonoa mchanga nukta kwa nukta. Nukta zikatulia kidogo, kisha zikatoka tangini, zikashuka kwa mguu wa meza na kwenda kwa foleni hadi ofisini kwa mkurugenzi. Mhudumu wa usafi aliinua ndoo yake kuzipisha. Mchoraji akachora nyingine, nazo zikazifuata za kwanza.

Fundi wa mtambo, aliyewekwa pale ili sayansi isikosewe, alisema ndivyo ilivyo. Mchanga wa tangi la pili ulibebwa miaka mitatu iliyopita kwenda kupiga plasta nyumba ya wageni ya mkurugenzi, na karatasi ya kuutoa aliisaini yeye fundi mwenyewe. Aliyasema hayo huku akichokonoa meno.

Mkuu wa mawasiliano akaitwa. Nukta zilimpanda kiatuni, akakikung'uta. Akaagiza tangi lipakwe rangi ya kahawia tu, kwa kuwa hakuna mtazamaji atakayekaa kuhesabu chembe. Rangi ilikaa pale ilipopakwa.

Ikafika zamu ya mwanamke. Aliipeleka glasi mdomoni, akainusa, akaimwaga. Maji yalivuka ukingo wa ubao yakatiririka mezani, yana rangi ya chai ya jana. Alipochorwa upya akaimwaga tena. Mara ya tatu alimtazama mchoraji usoni kwanza, na mchoraji akainamisha macho. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa halali yake.

"Hataki kunywa," alimwambia mkuu.

"Kachorwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi mchore kageuka. Kwa nyuma wote wanakunywa."

Akamchora kwa nyuma. Mabega hayakukataa.

Video ilitoka Ijumaa. Wakubwa wakapongezana kama kawaida yao, na mkurugenzi akasema sayansi ikielezwa vizuri inapendeza. Fundi wa mtambo alipiga makofi kuliko wote. Maji ya mezani hayakuacha kutiririka, kwa hiyo pakawekwa ndoo chini yake, na mhudumu wa usafi akaongezewa kazi ya kuimwaga asubuhi na jioni.

Mchoraji aliporudi nyumbani alimkuta mama yake jikoni, simu mkononi, sufuria imeshafunikwa na kurudishwa rafuni. Mama alikuwa amekonda hadi kanga inamzunguka mara mbili, lakini uso ulijaa furaha. Alisema ameujua ule mkono tangu ulipotokea, kwa lile kovu la kisu kwenye kidole gumba. Ameshawaonyesha majirani wote wa ghorofa yao. Kisha akafungua bomba, akajaza glasi.

"Mama, chemsha kwanza."

"Kwani si wewe uliyechora?"

Mchoraji alikuwa na jibu. Alikuwa pia ameahidiwa video nyingine sita. Mama akaligeukia dirisha na kumpa binti yake mgongo, akainua glasi. Mchoraji alisimama pale mlangoni akisubiri kusikia maji yakimwagwa kwenye sinki. Hayakumwagwa.