Zahanati Iliyovuka Kiwango

Kwa mamlaka aliyokabidhiwa na matroni, kwa idhini ya mwalimu wa zamu, na kwa kuwa hakuna mwanafunzi mwingine aliyeitaka kazi yenyewe, kiranja wa afya alipanda jukwaani asubuhi ya Jumatatu na kulitangazia taifa dogo la mabweni manne kwamba Sera ya Matumizi Sahihi ya Dawa imeanza kutumika. Kuanzia leo, alisema kwa sauti aliyoitoa chini kabisa ya tumbo, hakuna raia atakayemeza antibiotiki kwa sababu ya mafua. Antibiotiki ni silaha, na silaha ikichezewa adui huizoea. Isitoshe, serikali haina dawa za kumwaga. Akanyamaza ili maneno yazame, na katika kimya hicho mtu wa mstari wa nyuma akauliza kama sera inagusa pia soksi, maana kiranja amevaa moja nyeusi na moja ya kijani.

Tangu siku hiyo akaitwa Waziri.

Alikuwa msichana mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi, na yote aliyoyasema jukwaani yalikuwa kweli tupu, kwa kuwa aliyanakili neno kwa neno kutoka bango lililobandikwa mlangoni mwa zahanati ya shule. Bango lilitoka wizarani, na mmoja wa walioliandika alikuwa mama yake mzazi. Wenzake walikuwa na mama wa sokoni, wa benki, wa nyumbani. Yeye mama yake alikuwa mkaguzi wa dawa. Kutwa yuko barabarani, zahanati hadi zahanati, akifungua makabati ya watu na kuuliza kwa nini mtoto mwenye mafua amepewa dawa ya nimonia. Nyumbani walikuwa wawili tu, na mmoja alipokuwa safarini na mwingine bwenini, nyumba ilibaki na kufuli.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa ya wageni. Usiku wa kuamkia siku hiyo Waziri alilalia sketi chini ya godoro ili mikunjo isimame, na saa tatu asubuhi alikuwa amekwisha kaa kwenye ukingo wa simenti unaotazama geti. Kufikia saa sita kila mtu alikuwa na mtu wake. Ndipo matroni akamwita kwenye simu.

"Mwanangu, nisamehe," mama alisema. "Kuna zahanati tatu zimevuka kiwango. Sheria inanitaka nifike ndani ya siku kumi na nne."

Waziri akasema hamna shida, mama, kazi ni kazi, akatia na kicheko cha kuazima. Kiwango alikijua kwa moyo: katika wagonjwa kumi, wanaopewa antibiotiki wasizidi watatu. Kila baada ya miezi mitatu zahanati hupeleka taarifa, na inayovuka hutembelewa na mkaguzi. Alikata simu akiwaza jambo ambalo bango halikulisema waziwazi. Zahanati ikikosea, mama anafika ndani ya wiki mbili. Mtoto asiyekosea anaambiwa mwezi ujao.

Shida ni kwamba zahanati ya shule haikuwahi kukosea. Muuguzi wake, Sista, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, wanafunzi walimbandika jina la Kunywa Maji. Ukienda na mafua, kunywa maji. Ukienda na kichwa, kunywa maji ulale. Wambea walisema ukienda na mguu uliovunjika atakupa kwanza bilauri, halafu ndipo atafute gari. Kabati lake la antibiotiki lilikuwa na amani ya makaburini.

Na siku ya wageni Sista hakai zahanati kabisa. Hukaa getini na beseni la plastiki, akiwapokonya wazazi vidonge wanavyowafichia watoto katikati ya mikate: nusu dozi ya mwaka jana, dawa ya jirani, dawa ya nani sijui. Ufunguo humwachia kiranja wake.

Siku hiyo, baada ya simu, Waziri alikaa peke yake dirishani mwa zahanati, akavuta rejista ya wagonjwa. Kwa kawaida Sista husema na yeye huandika, hivyo mwandiko wake haungemshtua mtu. Akaanza na mafindofindo, akaingiza vichomi, akashuka hadi majipu. Kila mgonjwa wa kubuni alipewa namba ya mwanafunzi na dozi kamili ya antibiotiki. Kiranja mkuu alimpa nimonia ya mapafu yote mawili, kwa sababu za kibinafsi. Jumapili ya mwezi wa pili simu ikalia tena, mwezi ujao mwanangu, na ya tatu vilevile, na kila mara akarudi kwenye rejista. Robo mwaka ilipokwisha, Sista, ambaye tarakimu ndogo zilikuwa zimeanza kumchosha macho, akamwachia Waziri ajumlishe, akatia sahihi.

Waziri akaanza kuhesabu siku.

Gari lilifika siku ya tisa, wakati wa mapumziko ya chai. Mama alishuka na begi lake la kazi. Alikuwa amekonda, na nywele alizokuwa akizisuka amezikata fupi. Jambo hilo lilimchoma Waziri ajabu, kwamba mama ana kichwa kipya na yeye hakuambiwa. Akakimbia. Mama akainua kiganja.

"Siyo sasa," alisema taratibu. "Kifungu cha kumi na moja. Mkaguzi mwenye ndugu kituoni hazungumzi naye pembeni mpaka taarifa isainiwe. Nimeshakutaja kwenye fomu."

Waziri alikuwa amehifadhi vifungu kumi vya lile bango. Vilivyobaki vilifunikwa na kalenda ya shule.

Basi akasimama mlangoni kama kiranja, akipokea maboksi yanayoshushwa kutoka kabatini na kuyapanga sakafuni. Mara mbili mama alipita karibu kiasi cha kusikika harufu ya sabuni yake, na mara mbili Waziri alitazama pembeni, kama mfungwa anayepitishwa mlangoni kwao. Boksi baada ya boksi, utepe wa kiwandani haujaguswa. Rejista ilisema dozi hamsini na nne zimetoka. Kabati lilisema haijatoka hata moja.

"Sista," mama alisema, "hawa ni wagonjwa hewa."

Kila aliyewahi kufanya kazi ya dawa anajua wagonjwa hewa ni kitu gani. Kwenye karatasi dawa inamezwa, na siku moja maboksi yanatokea mlango wa nyuma kwenda madukani. Kwa kosa hilo muuguzi hunyang'anywa leseni. Sista alivua miwani, akasema hajui, kweli hajui, sahihi ni yake lakini hajui. Kisha akaomba maji. Waziri alimletea, na nusu ya bilauri ilimwagikia njiani.

Mama alirudi kwenye rejista. Akamuuliza Sista tarehe hizi tatu, ambazo dozi zote ziliandikwa, alikuwa wapi. Getini, na beseni. Zote? Zote, ni siku za wageni, wazazi wote mashahidi. Kidole cha mama kikashuka polepole kwenye safu ya tarehe: ya wageni, ya wageni, ya wageni. Kikasimama. Hakuinua macho alipouliza ufunguo ulibaki na nani.

Sista alitazama ukuta. "Ufunguo ni dhamana yangu," alisema. "Niulize mimi."

Hapo ndipo Waziri aliposhindwa.

"Ni mimi," alisema. Sauti ya tumboni aliitafuta asiipate. Iliyokuja ilikuwa nyembamba, ya mtoto. "Sista hana habari. Niliandika mimi."

Mama akavuta fomu ya maelezo. Ilikuwa na mstari wa jina, wa cheo, na chini yake mstari wa sababu. Kalamu ikatua kwenye huo wa tatu ikangoja.

"Kwa mujibu wa kifungu cha nne," Waziri alianza, akakwama. "Nilitaka uje. Hakuna aliyeumwa, mama. Naona wenzangu wanakula mikate na mama zao, naandika mmoja, natazama geti, naandika mwingine."

"Hamsini na nne," mama alisema, kama mtu anayepima uzito wa kitu kiganjani.

"Walikuwa hamsini na tano. Mmoja nilimfuta. Nilidhani nimesikia gari lako."