Simu Tatu na Dakika Mbili

Ujumbe wa Nahodha ulimkuta fundi miwani kazini, siku ya Ijumaa, akiwa na lenzi ya mteja kwenye jiwe la kusagia, na nusura aiharibu. Ulisema hivi: "Shangazi, wenye mchezo wanaifuta Ngome ya Majivu Jumapili. Vitu vyetu vyote bado vimo ndani. Mlango unataka watu watano walewale. Tumejaribu na watabibu wengine saba, umegoma. Njoo mara moja tu, kesho saa nne asubuhi. Hatutakuuliza kitu."

Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha raha. Mtu akikwambia hatakuuliza kitu, ujue swali analo.

Miaka mitatu ilikuwa imepita bila fundi kuugusa mchezo ule wa kompyuta. Kabla ya hapo aliucheza miaka sita, kila Jumapili asubuhi, pamoja na watu wanne ambao hajawahi kuwaona kwa macho. Nahodha alikuwa mwalimu wa hesabu. Ngao, ambaye kazi yake mchezoni ilikuwa kutangulia mbele apigwe yeye, alikuwa muoka mikate. Mapacha hawakuwa mapacha hata kidogo, walikuwa mke na mume waliokaa chumba kimoja na kugombana kwa maandishi mbele za watu. Fundi alikuwa mtabibu wa kikosi: wenzake wakijeruhiwa, yeye anawaponya. Walimwita Shangazi kwa jinsi alivyowafokea huku akiwaponya.

Kikosi kilikuwa na sheria moja tu. Hakuna kufungua mlango wowote mpaka wote watano wameandika "nipo". Ukishaandika umejifunga, huendi popote, hata chai ikifurika jikoni.

Jumapili ile ya mwisho, mama yake fundi alianguka bafuni. Fundi alisikia kishindo. Na hapa tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuusema: alisikia kishindo kwanza, ndipo akaandika "nipo". Alijiambia ni ndoo. Mlango ukafunguliwa, pambano likapamba moto, naye akaendelea kuponya watu huku sikio moja likimngoja mama alalamike kama kawaida yake. Mama hakulalamika. Mwishowe fundi akainuka, akaacha kila kitu kama kilivyo, na nyuma yake wale wanne wakafa mmoja baada ya mwingine, wakapoteza silaha na mavazi waliyoyahangaikia miaka sita.

Hospitali, daktari aliuliza mgonjwa alilala sakafuni muda gani.

"Dakika moja," alijibu. "Niliposikia tu, nilikimbia."

Kaka yake akaambiwa hivyo hivyo, na majirani hivyo hivyo. Kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kushoto wa mama. Kama muda ule ulikuwa na tofauti yoyote, fundi hakujua, kwa sababu hakuwahi kuuliza, na hakuuliza kwa sababu aliogopa kujibiwa.

Sasa shida ilikuwa hii. Mchezo ule, ukiurudia baada ya kupotea, hukuonyesha kwanza taarifa ya pambano lako la mwisho, saa na dakika. Na kompyuta ilikuwa sebuleni, na sebule ndiyo iliyokuwa chumba cha mama tangu ngazi zimshinde. Fundi alifikiria kumjibu Nahodha kwamba ana homa. Akawakumbuka watu wanne waliokaa miaka mitatu nje ya mlango kwa ajili yake, akaona haya. Akaandika: "Nitakuja."

Jumamosi, saa tatu na nusu, aliipangusa kompyuta vumbi na kuiwasha.

"Leo kuna nini?" mama aliuliza kutoka kitandani. "Kimemrudia nani hicho kichaa?"

"Wanahitaji mtu wa tano, Mama. Mara moja tu."

"Wale watu wako wa kwenye mashine? Bado wako hai?"

"Wako hai."

"Hebu nisogeze nione."

Alikuwa opereta wa simu miaka thelathini na moja, huyu mama, enzi ambazo ukitaka kuongea na mji wa mbali unaunganishwa kwa mkono. Masikio yake yalikuwa hayajastaafu. Alimjua mtu kwa hatua zake kabla hajagonga mlango. Simu ya mbali ilikuwa dakika tatu. Zikiisha, opereta huingia katikati na kuuliza unaongeza au unakata. Mpaka leo alipima kila kitu kwa simu. Yai la kuchemsha simu tatu. Hotuba ya mjomba harusini simu ishirini, na hapo kapunguza.

Fundi akamsogezea kiti cha magurudumu, huku akijilaani kimoyomoyo. Angekataa, angetoa sababu gani?

Mchezo ulichukua nusu saa kujisasisha. Neno la siri alilikosea mara mbili. Mama akauliza kama ni lazima yule mwanamke wa kwenye kioo avae vazi fupi hivyo akienda vitani. Fundi alikuwa bado anacheka taarifa ilipotokea, kubwa, katikati ya kioo.

Saa 4:12. Shangazi: nipo.
Saa 4:12. Mlango umefunguliwa.
Saa 4:23. Shangazi hajibu.

Tarehe ilikuwa juu kabisa. Fundi akatafuta kitufe cha kufunga, akakikosa. Miaka mitatu vidole vilikuwa vimesahau kila kitu. Mama alisukuma miwani yake juu ya pua, akasoma. Lenzi zile alizisaga fundi mwenyewe, kwa uangalifu wote alionao, na siku hiyo aliujutia.

"Tarehe hiyo naijua," mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

Fundi akaona bora ayamwage yote. "Nilisikia ulipoanguka. Nikasema ni ndoo. Halafu nikajua si ndoo, nikasema ngoja kidogo, kidogo tu, wasife wenzangu. Daktari nilimdanganya. Nilikuwa naona aibu. Bado naona."

Alitegemea mama alie, au apige kelele. Kelele angeimudu.

"Simu tatu na dakika mbili," mama alisema.

"Nini?"

"Kumi na moja. Simu tatu na dakika mbili. Hiyo mashine yako haikukosea. Na kabla ya hapo kuna dakika moja nyingine, haikuiandika." Alipangusa mdomo kwa mkono wa kulia. "Unadhani nilikuwa nafanya nini pale chini? Ulimi mzito, mkono haupo. Masikio yalikuwepo. Nilikusikia unabonyeza vile vitufe, taka taka taka. Nikasema, haya, laini ina mtu. Huyu yupo, atakuja. Nikahesabu."

Fundi akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka.

"Usinililie. Nilikasirika, nisikufiche. Nikiikumbuka baridi ya ile sakafu nakasirika hata sasa. Ila kilichoniuma si hicho. Kilichoniuma ni pale hospitali, unamwambia daktari moja, na mimi nimelala hapo, najua ni kumi na mbili, nashindwa kukusahihisha. Miaka thelathini na moja sijaandika dakika ya uongo ya mtu yeyote. Nimekungoja uirekebishe. Ukanibebea maji, ukanisagia miwani, ukaniogesha kila siku, na hiyo hujairekebisha."

"Nisamehe, Mama."

"Nakusikia." Mama akatazama kioo. "Haya, fungua hicho kitu. Watu wanakungoja."

Fundi akajifuta uso kwa pindo la kanga, akakipata kitufe. Taarifa ikatoweka. Shangazi wake wa mchezoni alikuwa amesimama pale pale alipoachwa miaka mitatu iliyopita, ila mlango sasa ulikuwa umefungwa, na mbele yake walikuwepo wanne, wamevaa matambara kama watu waliotoroka mafuriko.

"Amekuja," akaandika Ngao.

"Nilikwambia atakuja," akaandika Pacha mke.

"Hukusema hivyo," akaandika Pacha mume. "Ulisema kafa."

"Nisikilizeni," fundi aliandika, polepole, maana herufi zilimkimbia. "Siku ile niliandika nipo na sikuwepo. Mama yangu alikuwa ameanguka, nami nilimsikia kabla sijaandika. Nikawaacha nyie, na yeye nilikuwa nimeshamwacha. Ndivyo ilivyokuwa."

Kisha Nahodha: "Mama anaendeleaje?"

"Yuko hapa. Anasoma."

"Shikamoo mama," wakaandika wanne, mmoja baada ya mwingine.

"Waambie marahaba," alisema mama. "Waambie na nguo wabadilishe."

Fundi akawaambia. Nahodha akawapanga: Ngao mbele, Mapacha kushoto na kulia, Shangazi nyuma. "Haya. Semeni."

Ngao: nipo. Pacha: nipo. Pacha: nipo. Nahodha: nipo.

"Choo," alisema mama.

"Sasa hivi?"

"Mimi ndiye ninayepanga?"

Fundi alitazama kile kijisanduku cha kuandikia, alama inawaka na kuzima. Katika miaka yote tisa, na hata wakati yeye hayupo, neno alilokuwa anataka kuliandika halijawahi kuandikwa na mtu yeyote mbele ya mlango wowote.

"Sipo," aliandika. "Nampeleka mama."

Hakungoja majibu. Akageuza kiti, akapita ukumbini, akamshika mama kwapani kama walivyozoea, moja, mbili, inuka. Kazi ile haina haraka. Kuna kufungua vifungo, kuna kungoja, kuna kunawa, kuna mguu wa kushoto ambao lazima ubembelezwe kila unapovuka kizingiti. Bafuni mama aliuangalia ukuta muda wote, ametega sikio.

Waliporudi, mlango wa ngome ulikuwa bado umefungwa. Wale wanne walikuwa wamekaa chini, migongo imeegemea mlango, silaha zao mbovu mapajani. Hakuna aliyeandika kitu chochote chini ya lile neno lake.

Mama aliwatazama kwa makini, mmoja mmoja.

"Simu nne kamili," alisema. "Na hawakukata."

Fundi akavuta kiti chake, akakaa, akaandika: nipo.