Mota Iliyopimwa Buchani

Diski ya msumeno ilikuwa katikati ya bamba la jiwe, maji yakiimwagikia kuipoza, mota ilipotoa mlio mmoja mnene na kunyamaza. Harufu ya waya ulioungua ikajaa karakana. Mama Mawe alizima swichi, akamgeukia shemeji yake kabla hata hajaigeukia mota.

"Umeifanya nini?"

"Niifanye nini, shemeji? Si uko hapa unaniangalia?"

Alikuwa akimwangalia kweli, na hata hivyo hakumwamini. Tangu mumewe afariki na kumwachia msumeno huu, kila aliyekuja kumsaidia alikuwa na lake jambo. Leo hakuwa na nafasi ya kuchezewa. Mkandarasi wa ngazi za zahanati alitaka mabamba yake kesho asubuhi. Asipoyapata angehamia karakana kubwa ya barabarani, na bila kazi ile Mama Mawe angefunga milango, maana nyingine haikuwepo.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alifungua kifuniko cha mota na kunusa ndani. "Tumpelekee fundi ninayemfahamu aisuke waya upya. Ila kwanza tujue nini kimeiua. Hii haikuwa na ugonjwa."

Fundi anayemfahamu! Hugawana na aliyemletea mteja, nani asiyejua?

"Tunanunua nyingine," alisema Mama Mawe. "Na ninachagua mimi."

Muuza mota alikuwa nazo tatu, zote zimepakwa rangi ya kijani iliyokuwa bado inanuka. Vibati vilivyopigiliwa ubavuni vilidai kwamba zote zina nguvu sawa, ingawa moja ilikuwa ndogo kama birika na nyingine ilihitaji watu wawili kuinyanyua. Mama Mawe alizungusha ekseli kwa mkono, akasikiliza beringi, akakwaruza rangi kwa ukucha.

"Waya wa ndani ni shaba?"

"Shaba tupu, mama. Haki ya Mungu tena."

"Mungu muache apumzike. Twende buchani."

Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha: shaba ni nzito, alumini ni nyepesi, na mdomo wa muuzaji hauna uzito wowote. Muuza nyama alifuta mizani akiguna. Mota zikapanda moja baada ya nyingine pale palipokuwa na mbavu.

"Na mimi nipimie kilo ya hiyo, usiweke mifupa," alisema mtu mmoja kwenye foleni. Watu wakacheka. Mama Mawe hakucheka. Aliichagua ile nzito kuliko zote.

"Hii ya kati inatutosha," shemeji alimnong'oneza. "Hilo dude litakula umeme ambao hatuna."

"Msikilize fundi wako, mama," alidakia muuza mota, akitabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililoharibu mambo. Mama Mawe alimtazama muuzaji, akamtazama shemeji, kisha muuzaji tena.

"Kumbe mmeshaongea! Amekuahidi nini, shemeji?"

Shemeji aliinama akashika upande mmoja wa lile dude, wakalibeba pamoja na muuzaji mpaka kwenye mkokoteni. Karakanani alikaza boliti, akavuta mkanda, akaunga waya bila kumgeukia.

Mota ikazunguka vizuri. Diski ilipogusa jiwe tu, ikalegea, ikanguruma, ikasimama. Wakajaribu tena. Ikasimama tena, na safari hii ilikuwa ya moto.

"Wezi!" alipiga kelele Mama Mawe. "Wezi watupu!"

Shemeji alichomeka mita kwenye soketi. "Njoo usome mwenyewe, usije ukasema nimekudanganya."

Mshale ulipaswa kuvuka volti mia mbili na ishirini. Ulikuwa kwenye mia moja na sabini. Kwa jirani, mashine ya kusaga nafaka ilizimwa kidogo, mshale ukapanda. Ikawashwa, ukaanguka: umeme mdogo ndio uliounguza mota ile ya kwanza. Mama Mawe alikaa juu ya jiwe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Shemeji, nimekukosea."

"Tutayaongea. Kwanza kazi."

Mama Mawe alikwenda ofisi ya umeme akaeleza yote dirishani. Karani alimsikiliza akiwa ameinamia simu yake.

"Transfoma mpya iko kwenye mpango."

"Mpango wa lini?"

"Mama, taa zinawaka?"

"Zinawaka, ila ni hafifu..."

"Basi umeme upo. Anayefuata!"

Ikabaki njia moja. Alikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, akamwomba azime jioni ile tu, mpaka mabamba yaishe.

"Nizime mimi ili ukate wewe?" Yule bwana alichungulia nyuma ya mgongo wa Mama Mawe, kuona nani kamtuma. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Umeme haututoshi sote, baba. Hata mota yako iliyoungua juzijuzi, ni huohuo ulioiua."

Unga ulikuwa umemjaa kwenye nyusi. Akaupangusa.

"Mzee aliyekuwa akiniendeshea mashine nilimfukuza kwa sababu ya mota ile, nikasema kaiba waya wake wa shaba. Nilimwita mwizi mbele ya wanawe. Leo niende nikamwambie ni umeme?"

"Ndiyo, baba."

"Hapana. Aliiba." Akaenda kwenye swichi. "Aliiba yule!" alirudia kwa sauti, ingawa hakuna aliyembishia, na mashine ikanguruma.

Karakanani taa ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Shemeji aliuliza kwa macho tu. Mama Mawe alitikisa kichwa, akampigia simu mkandarasi kumwambia mota mpya haikati na mabamba hayatakuwepo.

"Nilijua," alisema mkandarasi. "Mmeuziwa mota mbovu, au huyo fundi wako ndiye bure kabisa?"

Mama Mawe alimtazama shemeji yake, aliyekuwa amekaa chini akifuta grisi mikononi.

"Mota ni nzima," alisema kwa sauti, ili asikike hata juu ya kelele za jirani. "Na fundi wangu hana kosa."

Lakini mkandarasi alikuwa ameshakata simu.