Paja la Uzi wa Kijani

Baba alisisitiza kunipeleka kwa gari, nami nikakubali kwa sababu basi la asubuhi kutoka kijijini kwetu huingia mjini Ivanjica wakati watu wameshaanza kunywa kahawa ya pili. Lakini nilimpa masharti. Anishushe getini, abaki garini, asishuke hata kwa haja ndogo. Mwanamke wa miaka arobaini na nne haendi kwenye usaili na baba yake.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Nitakaa humo kama gunia la viazi."

Alikuwa amevaa koti la harusi yake na ile kofia ya kizamani ya jeshi ambayo wazee wetu hawaivui hata kwa daktari. Nikamtazama, nikanyamaza. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nilijua nikifungua mdomo tutagombana njia nzima.

Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha nyuzi tangu nikiwa msichana. Kiwanda kikafungwa, mashine zikapakiwa kwenye malori, sisi tukapewa mkono wa kwaheri na maboksi ya uzi mbovu. Uzi wangu ulikuwa wa kijani, kijani kibaya cha chura, ambacho hakuna mteja aliyekitaka. Nyumbani kwetu uzi huo haujaisha mpaka leo. Baba anaufungia nyanya, anaufungia lango, anautundikia nyama kwenye kibanda cha moshi.

Tangu hapo nimezunguka. Duka la dawa, ofisi ya posta, hoteli ya juu kule, kiwanda cha milango. Kila mahali nilivaa blauzi ileile nyeupe, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, nikaambiwa neno lilelile: tutakupigia. Hakuna aliyepiga. Nikawa naingia na simu mpaka bafuni.

Baba ndiye aliyechukia zaidi. Jioni moja aliniuliza, "Wamesemaje wale wa milango?"

"Watapiga."

"Na wasipopiga?"

"Basi ndiyo jibu lenyewe, Baba."

Akaweka kijiko chini. "Mimi nikikataliwa ng'ombe sokoni, mnunuzi ananiambia: Obrad, ng'ombe wako ana kwato mbovu. Narudi nyumbani nimeudhika, lakini najua. Wewe wanakurudisha kimyakimya. Kwani wewe ni duni kuliko ng'ombe?"

"Baba, kula supu."

Ofisi ya ajira ilinipeleka kwa binti anaitwa Nevena, mshauri wa kazi. Umri wake ungeweza kuwa wa mwanangu, kama ningezaa, na alikuwa ananifundisha jinsi ya kukaa kitini. Nilimchukia siku mbili, ya tatu nikaanza kumsikiliza. Usiseme utafanya kazi yoyote, alisema, maana anayetaka yoyote haaminiki kwa hata moja. Usiwaseme vibaya waliokuachisha. Usiseme umekaa bure miaka miwili. Sema umefanya nini. Na tafadhali, Vida, usipeleke zawadi. Wala usimtume mtu. Wakurugenzi wa siku hizi wakiona chupa mezani wanaona mtu asiyejiamini.

Nilipomweleza Baba hilo la zawadi, akacheka. "Mkono mtupu haulambwi."

"Baba, usithubutu. Nasema usithubutu. Ukipeleka hata yai moja mahali ninapoomba kazi, sitakusamehe."

Akatoka kwenda kulisha ng'ombe. Nikadhani amenielewa.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ghala la baridi, ng'ambo ya mto, wanakonunua matunda ya rasiberi. Kwetu rasiberi ndiyo ada ya shule, ndiyo harusi, ndiyo jeneza. Walitaka mpokeaji: mtu wa kusimama kwenye mizani msimu mzima, kupima matunda ya wakulima na kusema hii daraja la kwanza, hii la pili, hii rudisha. Kutoka nyuzi hadi matunda ni safari, lakini Nevena aliniambia, "Wewe umekagua ubora miaka yote hiyo. Nenda ukaseme hivyo." Na kwa mara ya kwanza niliamini kwamba kazi fulani ni yangu. Niliitaka mpaka nikaogopa kuitaja kwa jina.

Asubuhi ya usaili, kwenye korido la ghala, tulikuwa wachache. Jirani yangu wa kiti, Bosiljka, mwanamke wa mjini mwenye kucha nyekundu, alikuwa mcheshi, alishanipa peremende na habari za nusu ya watu wa Ivanjica. Nikaanza kutulia. Ndipo mlango wa nje ukafunguka akaingia Baba, kofia mkononi, tope la kijijini kwenye viatu.

Bosiljka akanigusa kwa kiwiko. "Ona, na babu naye anatafuta kazi. Watampa mizani au watampima?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Baba alisikia. Alinitazama kidogo tu, kisha akatazama viti, akasogea mpaka kiti kilichokuwa mbali kidogo na mimi, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani, bibie, hapa pana mtu?"

"Hapana," nikasema.

"Asante." Akakaa, kofia magotini, akatazama ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nilitamani zaidi immeze yeye kwanza, na hilo ndilo linaloniuma. Baadaye niligundua kwamba mikononi alikuwa ameshika miwani yangu ya kusomea. Nilikuwa nimeisahau garini.

Wakaniita.

Mkurugenzi, Bi Ranka, alikuwa mama mzito wa mwili mwenye sauti ya chini. Hakutabasamu bure, nikampenda papo hapo. Aliniuliza kuhusu kiwanda, nikasema kilitufundisha kazi, sikukisema vibaya. Aliniuliza nimefanya nini miaka miwili. Nikasema nimechuma rasiberi za watu, tena najua mkulima anavyoficha zilizooza chini ndani ya kreti na kupanga nzuri juu, maana nami nimeambiwa nizipange hivyo. Hapo akaweka kalamu chini, akaniuliza mengi zaidi, nami nikajibu yote. Karani aliyekaa pembeni alikuwa anaitikia kwa kichwa. Sijui niseme nini, nilikuwa mzuri. Niliisikia kazi ile ikinijia.

"La mwisho," akasema Bi Ranka. "Pale dirishani kuna vitu vimeletwa. Mimi sivipokei, na sitaki vinukie ofisini mwangu. Kama kuna chako, uende nacho."

Nikageuka. Chupa ya pombe kali ya rakija, mtungi wa asali, jibini ndani ya kitambaa. Na paja la nguruwe la kukaushwa kwa moshi, zuri, jeusi, lililotiwa chumvi na kutunzwa na mtu asiyekuwa na haraka. Limefungwa kwa uzi wa kijani cha chura.

Nikaona kibanda chetu cha moshi, nikaona Baba akidanganya jana yake kwamba anakwenda sokoni. Nikasikia sauti ya Nevena: mtu asiyejiamini. Nikaona kazi ikiondoka.

"Hakuna changu," nikasema.

"Hata hilo paja?"

"Silijui."

"Una hakika, bibi?"

"Nina hakika." Hata nikaongeza, Mungu anisamehe, nikaongeza kicheko kidogo. "Watu wa vijijini, unawajua."

Karani akainamia karatasi zake.

"Jana alikuja mzee hapa," akasema Bi Ranka. "Nilimwambia kabla hajakaa: mzee wangu, kazi hapa hainunuliwi kwa nyama. Akasema hajaja kununua kazi. Akasema binti yake ameomba kazi sehemu nyingi na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwa nini amekataliwa, na sasa anaingia na simu bafuni. Akasema, 'Mpeni kazi au msimpe, hiyo ni yenu. Mimi naomba tu, mkimkataa, mwambieni sababu, usoni, ili alale.' Nikamwahidi, naye akaondoka akaliacha paja pale."

Sikuwa na pa kuweka macho.

"Basi natimiza. Mpaka dakika tano zilizopita nafasi ilikuwa yako, sikufichi. Lakini kwenye mizani yangu atakuja jirani yako, atakuja shemeji yako, wameloweka matunda ili yazidi uzito, na wewe utatakiwa useme kweli wote wakikutazama. Nimekuuliza kitu kidogo, cha kwenu, umeona haya, ukasema hukijui. Sababu ni hiyo. Hakuna nyingine."

Ningependa kusema nilijitetea. Sikujitetea, maana kila neno lilikuwa mahali pake. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikalibeba lile paja kifuani, zito, likinukia nyumbani, na nikatoka nalo. Karani alinifungulia mlango.

Koridoni wote waligeuka. Bosiljka alitazama nyama, akanitazama mimi. Nilitembea mpaka kwenye kiti cha Baba. Alikuwa amesimama. Alisubiri niseme mimi kwanza, kama tunajuana au hatujuani. Uamuzi huo aliniachia.

"Baba," nikasema, kwa sauti ya chinichini ambayo nadhani hakuna mwingine aliyeisikia.

"Wamekupa sababu?"

"Wamenipa."

"Usoni?"

"Usoni. Mkurugenzi mwenyewe."

"Eh. Kasoro ni nini?"

Ningeweza kusema umri. Angeamini, angeilaani serikali na wakubwa wa Ulaya kule Brussels mpaka nyumbani, na usiku angelala. Lakini siku ile nilikuwa nimeshachoka na uwongo wangu.

"Wameniuliza kama nalijua paja hili. Nikasema silijui."

Baba aliushika ule uzi wa kijani kwa vidole viwili, akakaza fundo lake, ingawa halikuwa limelegea. Sikuweza kumtazama. Nikasubiri anitukane. Ningemshukuru kama angenitukana.

"Chumvi ilizidi kidogo," akasema. "Mwaka huu niliharakisha."

"Baba..."

"Lete." Akanipokea paja taratibu, akanipa miwani yangu, akaelekea mlango wa mkurugenzi.

"Baba, hawapokei. Umeshaambiwa."

"Alinikatalia kabla hajafanya kazi. Sasa ameshafanya. Mtu akitimiza ahadi hashukuriwi kwa mkono mtupu."

Karani alikuwa amejitokeza mlangoni kumwita Bosiljka, akamzuia Baba kwa kiganja. "Mzee, ngoja. Wewe hapa ni nani?"

Baba akavaa kofia yake, akainyoosha, akaikalisha vizuri. Kisha akageuka akaninyooshea mkono mbele ya watu wote, ili pasiwe na wa kukosea.

"Mimi ni baba yake Vida," akasema. "Yule pale, mwenye blauzi nyeupe. Yule ni binti yangu."

Alisema hivyo kwa majivuno, kama asemavyo mtu siku ya harusi. Kisha akaingia na paja lake.

Bosiljka alikuwa bado amesimama karibu yangu, mkoba mkononi. "Dada," akaninong'oneza, "kumbe unamjua?"

"Ni baba yangu."

Sauti ilitoka ndogo, akanitegea sikio. Nikalirudia neno hilo kwa nguvu, mpaka wa mwisho koridoni akainua kichwa. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa, na aliyestahili kulisikia alikuwa ndani.